Igizo Dhima na Ukimya wa Darasa la Kiingereza

Katika migodi mikubwa ya dhahabu, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, kikosi cha uokoaji hakingoji ajali itokee ndipo kijifunze kazi yake. Kama ilivyo desturi ya uchimbaji ulimwenguni, siku hupangwa, king'ora hulizwa, mtu mwenye afya njema hulala chini akajifanya amevunjika mguu, na wenzake humfunga kwenye machela na kumtoa kana kwamba mwamba umeanguka kweli. Kila aliyepo anajua kwamba hakuna mwamba ulioanguka. Hata hivyo hakuna anayelidharau zoezi hilo, kwa kuwa wote wanafahamu kwamba siku ya ajali halisi hapatakuwa na nafasi ya kufungua kitabu.

Katika shule za sekondari zilizo kwenye ukanda huohuo, kutoka Geita hadi Kahama na Shinyanga, liko jambo jingine linalotakiwa kufanywa papo hapo bila kufungua kitabu, nalo ni kusema Kiingereza. Lakini kwa jambo hili mazoezi ya namna ile ni haba. Mwanafunzi hujifunza kanuni za nyakati za vitenzi, hunakili mifano ubaoni na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kisha siku moja mwalimu wa Biolojia humtaka asimame aeleze kwa Kiingereza jinsi moyo unavyosukuma damu. Anasimama. Habari ya moyo anaijua, na kama angeulizwa kwa Kiswahili angeieleza bila shida. Anatafuta neno la kwanza, halipati, wenzake wanaanza kucheka chinichini, anakaa. Tangu siku hiyo huketi nyuma ya darasa, na walimu humhesabu miongoni mwa wasiojiweza.

Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kumpa mwanafunzi huyo mazoezi anayoyakosa, yaani igizo dhima. Yanaeleza pia sababu za njia hiyo kufaa, kwa maana mwalimu anayezijua sababu huweza kuirekebisha ilingane na darasa lake, lakini asiyezijua huiga umbo la nje tu.

Chanzo cha ukimya

Mtoto wa Shinyanga au Geita mara nyingi huanza maisha kwa lugha ya nyumbani, iwe Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza. Kiswahili hukikuta sokoni, redioni na shuleni, na tangu mwaka 1967 ndicho kilichowekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kiingereza hukutana nacho kama somo moja miongoni mwa masomo. Anapoingia Kidato cha Kwanza mambo hugeuka kwa ghafla: lugha iliyokuwa somo inakuwa chombo cha kupokelea karibu masomo yote.

Tatizo hili si geni kwa taifa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi na kuonyesha kwamba wengi hawakuwa na uwezo wa kutosha kujifunzia masomo mengine kwa lugha hiyo. Serikali iliamua Kiingereza kiendelee, na mwaka 1987 ulianza mradi wa kuimarisha ufundishaji wake kwa msaada wa Uingereza. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia haujakoma, wala igizo dhima haliwezi kuumaliza. Lakini mwanafunzi aliyeketi darasani leo hawezi kungoja mjadala uishe ndipo afungue kinywa.

Ukimya wake una sababu zaidi ya upungufu wa maneno. Kwanza, anaogopa kuchekwa. Pili, hapewi muda. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza masomo mengi ya sayansi yaliyorekodiwa, akagundua kwamba baada ya kuuliza swali walimu kwa kawaida walingoja sekunde moja hivi kabla ya kumhamia mwingine au kujibu wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi na wanafunzi wengi zaidi walijibu. Hao walikuwa wanafunzi wanaosoma kwa lugha yao wenyewe. Anayetafuta neno katika lugha ya tatu anahitaji muda mrefu zaidi.

Tatu, darasa na mwalimu hufikia mapatano ya kimyakimya. Mwalimu huuliza, “Je, mmeelewa?” na darasa zima hujibu kwa sauti moja, “Ndiyo!” Mwaka 1996 Keith Chick alieleza mazungumzo ya namna hiyo katika madarasa ya Afrika Kusini, akaonyesha kwamba yanawalinda wote: mwanafunzi haaibiki kwa kutojua, na mwalimu haaibiki kwa kutoeleweka. Kinachokosekana ni kujifunza.

Kusikia peke yake hakutoshi

Walimu wengi huamini kwamba mwanafunzi akisikia Kiingereza kingi, siku moja kitamtoka chenyewe. Imani hiyo ina ukweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa hakuna awezaye kusema lugha asiyoisikia. Lakini mwaka 1985 Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiingereza na ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wamefundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Katika kuelewa walikuwa wamefika mbali sana. Katika kusema waliendelea kufanya makosa mengi ya sarufi. Swain alieleza kwamba watoto hao hawakulazimika mara kwa mara kutoa maneno yao wenyewe. Msikilizaji huweza kukamata maana kwa kushika maneno mawili matatu na kubahatisha yaliyobaki, lakini msemaji hana njia hiyo ya mkato. Sharti achague wakati wa kitenzi, apange maneno na kuyatamka, na hapo ndipo anapogundua asichokijua.

Utafiti wa kumbukumbu unaelekea upande huohuo. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walilinganisha maneno ambayo watu waliyasoma tu na yale waliyotakiwa kuyaunda wenyewe kutokana na dokezo. Yale waliyoyaunda wenyewe yalikumbukwa vizuri zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyehangaika kulitafuta neno hadi akalipata amelipanda kwa kina kuliko aliyelinakili ubaoni.

Jambo la tatu ni nafasi finyu iliyomo akilini. Mwaka 2001 Nelson Cowan alikusanya ushahidi kwamba akili ya mtu huweza kushughulikia kwa wakati mmoja vitu vinne hivi, si zaidi. Aliyezoea baiskeli huweza kubeba gunia la mpunga kutoka mnadani huku akizungumza na mwenzake. Anayejifunza hawezi hata kuitikia salamu, maana mizani, kanyagio na usukani vimejaza akili yake yote. Ndivyo alivyo mwanafunzi wa lugha. Neno ni kitu kimoja, wakati wa kitenzi ni kitu cha pili, matamshi ni cha tatu, na hofu ya kuchekwa ni cha nne. Nafasi imekwisha kabla hajaufikia moyo na damu yake. Maneno yanayotumiwa mara kwa mara hushikana yakawa kitu kimoja, na hofu inapopungua nafasi nyingine hupatikana.

Igizo dhima hugusa mambo hayo yote matatu. Humlazimisha mwanafunzi kutoa maneno yake, humpa nafasi ya kuyarudia, na humpunguzia hofu, kwa kuwa anayesema sasa si yeye bali ni daktari, mzee wa kijiji au mhandisi. Akikosea, aliyekosea ni mhandisi.

Igizo dhima ni nini?

Igizo dhima halina budi kutofautishwa na tamthilia. Katika tamthilia maneno yamekwisha kuandikwa, na kazi ya mwigizaji ni kuyatamka vizuri. Katika igizo dhima mwanafunzi hupewa mambo matatu tu: yeye ni nani, anataka nini na anajua nini. Maneno ni yake. Wanafunzi wanaokariri mazungumzo ya kitabuni na kuyasema mbele ya darasa wanafanya zoezi jema la matamshi, lakini hilo si igizo dhima.

Msingi wake ni pengo la habari. Kila mshiriki hujua jambo ambalo wenzake hawalijui na analolihitaji mmoja wao. Kama wote wanajua kila kitu, hakuna haja ya kuulizana, na pasipo haja lugha hulala.

Katika nchi za kigeni njia hii hufungamanishwa na jina la daktari J. L. Moreno, aliyeitumia Vienna katika kutibu na kufundisha kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1925. Lakini kiini chake si kigeni kwa mtu yeyote aliyewahi kucheza baba na mama chini ya mwembe. Usukumani kuna pia desturi ya mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Huko msichana au kijana hufanya mazoezi kwa muda mrefu, kisha husimama mbele ya umati bila kutetemeka. Aidha, mnamo 1982 na 1983, katika kijiji cha Malya mkoani Mwanza, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walishirikiana na wanakijiji kutumia ngoma na maigizo kujadili matatizo yaliyowakabili, miongoni mwao mimba za wasichana wa shule. Yale yaliyokuwa magumu kusemwa mkutanoni yalisemeka ndani ya igizo. Kijana wa Shinyanga haogopi hadhara kwa asili; anaogopa hadhara ambayo hakuandaliwa kwayo.

Hesabu ya muda

Inafaa kuyapima mambo haya kwa hesabu ndogo. Kipindi kimoja ni dakika 40. Mwalimu akisema kwa dakika 30, zinabaki dakika 10 za wanafunzi, yaani sekunde 600. Darasa likiwa na wanafunzi 60, fungu la kila mmoja ni sekunde 10. Kwa kiasi hicho, katika vipindi sita mwanafunzi husema kwa dakika moja.

Walimu wengi wanapojaribu igizo dhima huwaita wanafunzi watano mbele, na 55 hubaki watazamaji. Katika dakika 10 watano hao husema kwa dakika mbili mbili, na waliobaki hawasemi kitu. Lakini darasa lilelile likigawanywa katika makundi 12 ya watu watano, na makundi yote yakaigiza kwa wakati mmoja, dakika 10 zilezile humpa kila mwanafunzi dakika mbili. Jumla ya dakika za kusema hupanda kutoka 10 hadi 120. Kanuni ya kwanza kwa madarasa makubwa ni hiyo: makundi yote yaigize pamoja. Jukwaa mbele ya darasa si lazima.

Mazungumzo kuhusu ngitili: mfano wa kuanzia

Hali inayoigizwa yafaa iwe ile ambayo Kiingereza kina kazi ya kweli. Kuwataka wanafunzi wa Geita wapatane bei ya nyanya kwa Kiingereza ni kuwafundisha kwamba lugha hiyo ni kichekesho, kwa maana hakuna auzaye nyanya hivyo katika soko lao. Kazi ya kweli iliyo karibu zaidi ni ya mkalimani.

Mkoani Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mradi uliojulikana kama HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliwasaidia wananchi kurudisha uoto katika ardhi iliyokuwa tupu, kwa kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa majira ya mvua ili nyasi na miti vikue, na kufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Wageni wengi wamefika kujifunza habari hizo.

Basi kundi liwe la watu watatu. Wa kwanza ni mzee mwenye ngitili, ambaye husema Kiswahili au Kisukuma tu. Wa pili ni mgeni mtafiti, ambaye husema Kiingereza tu na ana maswali manne yaliyoandikwa kwenye kadi. Wa tatu ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mkalimani. Kadi ya mzee ina majibu ambayo mgeni hayajui. Ugumu wa kwanza hujitokeza mara moja. Mkalimani huanza na “Shikamoo, babu,” na mgeni huuliza maana yake. Kiingereza hakina neno moja la kulingana na shikamoo. Mkalimani sharti aeleze kwamba ni salamu ya heshima ambayo mdogo humpa mkubwa. Katika dakika ya kwanza mwanafunzi amekwisha kueleza utamaduni wake kwa lugha ya kigeni, na amefanya hivyo kwa sababu palikuwa na haja. Baada ya dakika tano watatu hao hubadilishana kadi.

Mkutano kuhusu zebaki: mfano mkubwa zaidi

Darasa likizoea, laweza kupewa jambo zito linalogusa maisha ya eneo lake. Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki ndiyo metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, nayo hushikamana na chembe za dhahabu zilizomo katika mchanga uliosagwa kwenye karasha, zikawa donge. Donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka ifikapo nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka kama mvuke. Dhahabu, ambayo haiyeyuki hadi nyuzi 1,064, hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni na kudhuru ubongo, neva na figo, na ni hatari hasa kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania nayo imeuridhia, unalenga kupunguza matumizi ya metali hiyo. Jina lake limetokana na mji wa Japani ambako mwaka 1956 yaligunduliwa maradhi yaliyotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda na kuingia katika samaki.

Kadi tano zatosha. Ya kwanza ni ya mchimbaji: anataka kuendelea na zebaki kwa sababu ni rahisi na ya haraka, na ana watoto wanaosoma. Ya pili ni ya mama anayechoma donge nyumbani karibu na jiko: mikono yake imeanza kutetemeka, naye hajui sababu. Ya tatu ni ya mganga wa zahanati: anajua madhara ya mvuke, lakini hajui kama kuna njia nyingine ya kuchoma. Ya nne ni ya mhandisi mgeni kutoka Ghana, nchi ambayo pia ina wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki. Anajua chombo cha kuchomea kilichofungwa, ambacho huupoza mvuke na kuirudisha zebaki kuwa majimaji ili itumike tena. Hasemi Kiswahili, na hiyo ndiyo sababu ya mkutano kuendeshwa kwa Kiingereza. Ya tano ni ya mwenyekiti, ambaye sharti apate uamuzi mmoja katika dakika 15 na kuuandika.

Hakuna mmoja anayeweza kufikia uamuzi huo peke yake. Mganga sharti amwulize mama habari za mikono yake. Mchimbaji sharti amwulize mhandisi kama chombo kile kitampotezea dhahabu. Mhandisi anaposema jambo gumu, mchimbaji hana budi kumwambia, “Could you say that again, please?” Ombi hilo dogo la kurudiwa maneno ni miongoni mwa vifungu vyenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi yeyote wa lugha, na ni miongoni mwa vile ambavyo darasa la kunakili ubaoni halivifundishi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Zebaki halisi isiletwe darasani, hata tone. Bakuli la maji na mchanga vyatosha kuonyesha.

Hatua za kufuata

Igizo la namna hii hufaa kipindi cha mfululizo cha dakika 80, nalo hugawanyika katika hatua nne.

Hatua ya kwanza, dakika 20 hivi, ni maandalizi. Mwalimu huandika ubaoni maneno kumi au kumi na mawili ya mada na vifungu vinne au vitano vya mazungumzo, kama vile “I suggest that…”, “I do not agree, because…” na “What happens if…?” Wanafunzi huvitamka na kuvitumia katika sentensi fupi. Kisha wenye kadi za namna moja huketi pamoja, wachimbaji na wachimbaji, waganga na waganga, wakasaidiana kuielewa kadi yao. Hapa Kiswahili kiruhusiwe. Kukataza Kiswahili wakati wa kupanga ni kumkataza mtu kufikiri. Atakayekuwa amepanga mawazo yake ataweza kuitumia akili yake yote kutafuta maneno ya Kiingereza.

Hatua ya pili, dakika 15, ni igizo lenyewe. Makundi yote huanza pamoja. Mwalimu hupita kimya akiwa na daftari. Hasahihishi. Kila anaposahihisha katikati ya mazungumzo humvua mganga uganga wake na kumrudisha kuwa mwanafunzi aliyekosea, na ile ngao dhidi ya aibu huanguka.

Hatua ya tatu, dakika 25, ni kuvua dhima na kurejea. Kadi hurudishwa, na kila mmoja hutaja jina lake halisi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini aliyeigiza mlevi au mdanganyifu asipovuliwa dhima hiyo hadharani, huenda akabaki na jina la utani hadi Kidato cha Nne, na mara nyingine akipewa kadi atakataa kusema. Makundi mawili au matatu husoma uamuzi wao, na darasa hulinganisha. Kisha mwalimu huandika ubaoni makosa matano aliyoyasikia mara nyingi, bila kumtaja mtu, na darasa huyasahihisha.

Hatua ya nne, dakika 20 zilizobaki, ni kuandika. Kila mwanafunzi huandika kumbukumbu za mkutano, barua kwa mganga wa wilaya, au maelezo ya chombo kilichofungwa kwa ajili ya daftari la Kemia. Kwa njia hiyo husemwa kwanza, huandikwa baadaye, na mwalimu anayehofia kwamba kuigiza kunakula muda wa mtihani ataona kwamba insha zimepata cha kusema.

Vikwazo na namna ya kuvikabili

Kikwazo cha kwanza ni kelele. Makundi 12 yanayosema kwa pamoja husikika hadi ofisini, na mwalimu wa darasa jirani huweza kudhani kwamba nidhamu imevunjika. Dawa yake ni kumwarifu mapema, au kulipeleka darasa chini ya mti, mahali ambapo mikutano ya kijiji hufanyika hata hivyo.

Kikwazo cha pili ni wanafunzi wachache hodari kuteka mazungumzo. Pengo la habari hupunguza tatizo hili, kwa kuwa aliye kimya ameshika kadi ambayo bila yake hakuna uamuzi. Yafaa pia kuangalia nani hupewa dhima gani. Wasichana wakipewa kila mara kadi ya mama na wavulana kadi ya mhandisi, darasa litakuwa limefundisha somo jingine ambalo halimo katika muhtasari.

Kikwazo cha tatu ni msamiati mdogo kabisa, hasa Kidato cha Kwanza. Hapo igizo liwe la watu wawili na la dakika tatu: mmoja ana ramani ya shule, mwingine ni mgeni aitafutaye maktaba. Igizo dhima halizalishi maneno ambayo hayajawahi kuingia akilini, na kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya kusoma vitabu. Kazi yake ni kuyafanya maneno yaliyokwisha kuingia yapate njia ya kutoka.

Kikwazo cha nne ni matarajio ya haraka. Igizo la kwanza mara nyingi huharibika: wengine hucheka, wengine hurudi kwenye Kiswahili baada ya dakika moja, na mwenyekiti husahau kuandika uamuzi. Kikosi cha uokoaji nacho huchelewa katika zoezi lake la kwanza. Ndiyo maana zoezi hurudiwa. Kadi zilezile zikitumiwa tena wiki inayofuata, wanafunzi wakiwa wamebadilishana dhima, vifungu vilivyokuwa vigumu huwa vimeanza kushikana.

Gharama ya yote haya ni karatasi ya daftari iliyokatwa vipande vitano kwa kila kundi. Mwalimu anayetaka kuanza aweza kuanza na ngitili, kwa kipindi kimoja tu, na kuandika mwenyewe majina ya wanafunzi ambao hajawahi kuwasikia wakisema Kiingereza. Baada ya igizo la tatu au la nne aitazame orodha hiyo tena, kisha amwombe mwalimu wa Biolojia amwulize mmoja wao habari za moyo na damu, na angoje sekunde tatu.